Nakala ya Jumatatu

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini kazini hakuna aliyelikumbuka. Kuanzia mganga mkuu mpaka mama wa kufagia ukumbi, wote walimwita Mama Nakala, naye aliitika bila kununa. Alikuwa mtunza hifadhidata wa hospitali. Lile ghala la taarifa ambamo kila mgonjwa, kila kipimo na kila jibu vimepangwa safu kwa safu, ufunguo wake alikuwa nao yeye. Na kazi ya mwenye ufunguo, alizoea kusema, si kufungua tu. Ni kuhakikisha kwamba ghala likiungua leo, kesho pana lingine kama lile lile, na kila gunia lipo pale pale lilipokuwa.

Watu walimcheka, na kweli alichekesha. Akifunga mlango, hatua tatu hafiki, anarudi kuusukuma. Mkobani alikuwa na miwani ya kuvaa na miwani ya akiba, na ufunguo wa nyumba mmoja ameufunga kiunoni, mwingine kwa jirani. Mumewe, ambaye ni mtu wa masihara, alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu akifa msihangaike. Fungueni kabati, mtamkuta wa pili." Wageni wanacheka, na yeye mwenyewe anacheka, anawaongezea chai.

Lakini tabia hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Alipomaliza shule, cheti chake kilikaa kwenye sanduku la mama yake chini ya kitanda, na siku alipokwenda kukichukua ili aombe kazi, akakuta mchwa wamekifanya unga. Shule nayo ilikuwa imehifadhi karatasi zake palipovuja. Mwaka mzima binti wa watu anazunguka ofisi hadi ofisi akijaribu kuthibitisha kwamba alisoma kile alichokisoma. Mchwa hawana elimu, ila wamemaliza vyeti vya wengi. Tangu hapo akaapa: kitu chenye maana hakikai mahali pamoja.

Sasa, hospitalini kwao walitumia programu ya bure, ile ambayo mafundi wa dunia nzima wanaijenga pamoja na kila mwenye macho anaweza kuifungua aone ndani imeshonwaje. Mkuu wa Kitengo, bosi wake, hakuipenda sana. "Cha bure," alisema, "kikiharibika unamlaumu nani?" Mama Nakala akamjibu, "Utanilaumu mimi, Mkuu." Basi wakaelewana hapo.

Walichoshindwa kuelewana kilikuwa namna ya kuchukua nakala. Mama Nakala alimpangia njia zote mezani kama muuza vitambaa. Ya kwanza, kunakili ghala zima kila siku: salama, lakini diski ingejaa mara moja. Ya pili, kunakili zima Jumapili, halafu kila jioni kuchukua yote yaliyobadilika tangu Jumapili. Hiyo inanenepa kadiri wiki inavyosonga, ila ukiwa na ya Jumapili na ya jana tu umemaliza. Ya tatu, zima Jumapili, halafu kila jioni kuchukua kilichobadilika tangu jana yake. Nyepesi mno, lakini zinabebana: ya Jumanne imekaa mabegani mwa Jumatatu, ya Jumatano mabegani mwa Jumanne. Vuta moja ya chini uone kitakachobaki juu.

"Hii ya tatu," Mkuu akasema. "Nafasi hatuna. Haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba kikitoboka katikati je?"

"Ebo! Wewe mama una mdomo wa shari."

Akakubali, kwa sababu mkubwa ni mkubwa na nafasi kweli haikuwepo. Ila hakuondoka mikono mitupu. Alimwambia ipo njia ya nne. Hifadhidata yenyewe, kabla haijafanya jambo lolote, huliandika kwanza pembeni: naingiza hiki, nabadilisha kile. Kurasa hizo ukizitunza zote kwa mfuatano, siku ya balaa unachukua nakala ya Jumapili unaisomea ukurasa mmoja baada ya mwingine, nayo inarudia kila hatua mpaka pale unapotaka. Mkuu akasema kama ana pa kuziweka bila kununua kitu, aziweke. Alikuwa na pa kuziweka. Upande wa pili wa ua, jengo la kufulia, kwenye rafu juu ya marobota ya mashuka, kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyoitwa Kikongwe. Kurasa zikawa zinakwenda huko, kimya kimya.

Kila Ijumaa mchana, wenzake wakienda kula, yeye alirudisha nakala za wiki kwenye kompyuta ya pembeni aone kama zinafunguka. "Nakala ambayo hujawahi kuirudisha," alisema, "ni uvumi tu." Lakini zile kurasa za Kikongwe alikuwa hajazijaribu hata mara moja. Alijiambia wiki ijayo, wiki ijayo, kama mtu anayeahirisha kwenda kung'oa jino.

Na hapo ndipo anapoingia wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake karibu na hospitali, mwanamke wa sauti na vicheko, ambaye hakuwahi kuingia mahali watu wasijue ameingia. Miezi miwili nyuma alikuta kivimbe kwenye titi. Akanyamaza. Ni Mama Nakala aliyegundua, kwa sababu kicheko kilipungua nyumbani. Akambana mpaka akasema.

"Twende tukapime," Mama Nakala akamwambia. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Siendi peke yangu. Tukienda, na wewe unapimwa."

"Mimi sina kitu."

"Kama huna kitu unaogopa nini? Au wewe matiti yako yametoka mbinguni?"

Wakaenda Jumatatu asubuhi, wakicheka njia nzima, kile kicheko cha watu wanaoogopa. Muuguzi alimpapasa wifi, akatikisa kichwa taratibu, akasema kichukuliwe kipande kidogo kipelekwe maabara. Kisha akampapasa Mama Nakala. Mkono wa muuguzi ukasimama. Ukarudi. Ukasimama tena. "Na hapa," akasema, "tuchukue pia."

Kwenye foleni ya kuchukuliwa kipande wifi alikuwa mbele. Zamu yake ilipofika akashika ukingo wa benchi. "Tangulia wewe wifi, nakuomba, magoti yangu hayapo." Mama Nakala akatangulia. Walipotoka wakala kiapo kwamba baba wa nyumba hataambiwa kitu mpaka majibu yatoke.

Maabara ile ilikuwa na utaratibu wake. Chupa yenye kipande haikuandikwa jina, iliandikwa namba tu, ili msomaji asijue anamsoma nani, na mgonjwa naye hakupewa namba, kwa kuwa zamani waliopewa walikuwa wakipiga simu maabara usiku na mchana. Jina na namba vilikutana sehemu moja tu, ndani ya hifadhidata. Makaratasi walishayaacha. Wote walijisifu kwa hilo.

Ijumaa alfajiri umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Mama Nakala alipofungua chumba cha seva, chumba kilichokuwa zamani stoo ya dawa na bado kinanuka dawa, alilakiwa na harufu nyingine juu ya ile, harufu ya plastiki iliyoungua. Akawasha taa. Seva ilikuwa kimya. Diski zake mbili, iliyokuwa ikifanya kazi na mwenzake wa kuisindikiza, zote zimekufa pamoja. Mama Nakala akaweka mkono kifuani, halafu akauondoa haraka, kama mtu aliyegusa jiko.

Hakupiga kelele. Akavuta kompyuta ya pembeni, akaichomeka diski ya nakala, akaanza kurudisha. Nakala ya Jumapili ikashuka vizuri. Akaita ya Jumatatu.

Haipo.

Akadhani macho. Akavaa miwani ya akiba. Ya Jumanne ipo, ya Jumatano ipo, ya Alhamisi ipo. Ya Jumatatu haipo, na bila ya Jumatatu zile nyingine ni mabega yasiyo na miguu. Kila kilichoingizwa kuanzia Jumatatu asubuhi kilikuwa kimekwenda na maji, na chupa yake na ile ya wifi yake ziliingizwa Jumatatu asubuhi.

Kabla hajameza mate, mlango ukafunguliwa, wakaingia watu wawili kwa mpigo. Mmoja ni Mkuu, kola imemlowa jasho. Mwingine ni Daktari wa Darubini, mwanamke mwembamba mwenye nywele za mvi, ambaye husema maneno machache kana kwamba anayalipia ushuru. Huyu ndiye anayesoma vile vipande.

"Nimemaliza chupa za matiti za Jumatatu," Daktari akasema. "Moja ina ugonjwa, na ni ule wa haraka. Nyingine zote ni safi. Chumba cha upasuaji kina nafasi moja Jumatatu ijayo, na lazima niwape jina kabla ya saa tisa leo. Nafasi nyingine ni mwezi ujao, na huyu mtu mwezi hana. Nipe jina la namba hii."

"Sina," Mama Nakala akasema.

"Huna kwa muda gani?"

"Sijui, Daktari."

Ilibidi awaeleze. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa leso. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu aliyebanwa, na aliyebanwa hukimbilia tundu la kwanza analoliona. "Tuwaite wote wakatwe tena vipande?"

"Kukata, kuandaa, kusoma," Daktari akasema. "Nafasi ya Jumatatu itakuwa imekwenda."

"Basi tutumie akili. Muuguzi anaikumbuka foleni; nilipoona mfumo haufunguki nilimfuata akanitajia mmoja mmoja, karatasi hii hapa. Namba zinafuatana. Wa kwanza kukaa ana namba ya kwanza, wa pili ya pili. Tunahesabu tu tunapata jina."

Daktari akasitasita. Na kule kusitasita kwake ndiko kulikomtisha Mama Nakala kuliko kila kitu cha asubuhi ile, kwa sababu alijua kitu ambacho wenzake hawakijui. Angenyamaza, pengine kisu kingeingia kwenye mwili usio na ugonjwa, na mwenye ugonjwa angetumiwa ujumbe wa simu kwamba yuko salama, aende akalee watoto.

"Foleni ilivunjika," akasema. "Kuna wawili najua walipishana, na wengine siwezi kuwaapia. Muuguzi hakuona, alikuwa ndani."

"Wewe umejuaje?" Mkuu akauliza.

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Kwenye foleni, Mkuu. Mimi na wifi yangu. Chupa zetu zimo humo humo."

Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama ufunguo. Mkuu akasema kwa sauti ndogo, "Pole. Basi kazi hii aifanye mwingine."

"Mwingine yupi?"

Mwingine hakuwepo, na wote watatu walilijua hilo.

"Bado ninazo kurasa za Kikongwe," akasema. "Nipeni mpaka saa nane." Akatoka mbio kuvuka ua, mama mtu mzima, kandambili zikimpiga visigino, wagonjwa kwenye mabenchi wakimgeukia.

Kikongwe alikuwa anaunguruma juu ya mashuka kama kawaida. Akafungua ghala la kurasa. Zilikuwepo, nyingi, zimejipanga, na zote zilianzia Jumatano. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hazikuwepo hata moja.

Akakaa juu ya robota la mashuka. Balaa likija mara moja ni ajali, likija mara mbili lina mtu wake. Na huyo mtu akamjua palepale, kwa kuwa mwingine mwenye ruhusa ya kuingia kote kuwili alikuwa mmoja tu.

Fundi wa mitandao wa hospitali aliitwa Kamba, kwa sababu alikuwa na flashi aliyoitundika shingoni kwa uzi mrefu wa buluu, haivui hata akioga, ndivyo walivyomtania. Kijana mpole, mwepesi wa kusaidia, na wepesi huo ndio uliokuwa maradhi yake. Mama Nakala alimkuta juu ya ngazi ukumbini akivuta waya.

"Kamba, shuka."

"Nimalize hii, mama."

"Shuka!" Ukumbi mzima ukageuka. Kamba akashuka.

"Nakala ya Jumatatu iko wapi?"

"Ile?" Akatabasamu, maskini, akidhani anaenda kushukuriwa. "Jana mitambo ililalamika diski imejaa, wewe ulikuwa kikaoni. Nikasema nisikusumbue. Ya Jumatatu si imeshapita? Na ya Jumanne ipo, ya Jumatano ipo, mpya kuliko ile. Nikaifuta, nikaacha mpya."

Yaani kwake yeye kila jioni nakala mpya ilikuwa inaizika ya zamani, kama gazeti. Ni kosa ambalo mtu mzembe asingelifanya, kwa sababu mzembe asingeangalia diski kabisa.

"Na kule kwa Kikongwe? Nako uligusa?"

Tabasamu likaanza kufifia. "Kule... niligusa kidogo. Nako kulikuwa kumejaa. Lakini kule sikufuta, mama, haki ya Mungu! Yale mafaili sikuyaelewa, nikaogopa. Niliyahamisha tu yale ya zamani."

"Uliyahamishia wapi?"

Kamba akapeleka mkono shingoni. Uzi haukuwepo. Mama Nakala naye aliitazama shingo ile, akaona weupe mwembamba pale uzi ulipokaa miaka yote.

"Flashi iko wapi, mwanangu?"

"Studio," akasema. "Kwa mpiga picha. Nimeiacha jana jioni aniwekee video ya harusi ya dada yangu. Lakini nilimwambia vilivyomo asivifute!"

"Na hiyo video ina ukubwa gani?"

Akashika ngazi.

"Mpigie."

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Studio ilikuwa mtaa wa nyuma, kwenye baraza moja na kibanda cha wifi. Harusi ile ile, gauni alishona wifi. Mama Nakala akachukua simu yake. 

"Wifiii!" sauti ikalipuka kule, cherehani ikikereza nyuma yake. "Leo umenikumbuka saa za kazi, kuna nini, kaka yangu amekufukuza?"

"Wifi, nyanyuka. Nenda hapo kwa mpiga picha. Kuna flashi yenye uzi wa buluu. Ichukue, hata kama ataigombania, uniletee sasa hivi."

"Flashi ya Kamba? Kwani ina nini? Nina nguo ya mtu hapa—"

"Majina yetu yamo ndani yake. Yako na yangu. Majibu yametoka, wifi, mmoja kati ya waliopimwa siku ile anao, ila hawajui ni nani. Bila hiyo flashi hawatajua."

Cherehani ikanyamaza. Na wifi akanyamaza, yeye ambaye hata usingizini huongea. Halafu kikasikika kiti kinaanguka, na simu ikabaki wazi juu ya meza, ikileta sauti za mbali: wifi anagonga mlango, mwanamume anasema "subiri dada, bado inajaa, bado kidogo", wifi anasema maneno ambayo mimi hapa sitayaandika, na kishindo.

Alifika na pikipiki, mkanda wa kupimia bado shingoni, pini mbili zimechomekwa kifuani. Ngumi ameifunga, uzi wa buluu unaning'inia kati ya vidole. Mama Nakala alimpokea langoni.

"Amefuta?"

"Anasema alikuwa anajaza bila kufuta, ila haielekei kuenea. Alitaka isipoenea afute, ndio nikaichomoa."

"Umeichomoa ikiwa inafanya kazi?"

"Ulisema hata kama ataigombania!"

Wakaingia. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saba. Mama Nakala akaichomeka flashi, na kompyuta ikatoa mlio wa kununa: kifaa hiki hakisomeki. Wifi akaziba mdomo kwa mkanda wa kupimia. Kamba, aliyesimama mlangoni, akaanza kulia bila sauti. Mama Nakala akaichomoa, akaifuta kwa ncha ya khanga yake, akaichomeka tundu la pili. Kimya. Kimya. Kisha ikafunguka. Video ya harusi ilikuwa imekatikia katikati, bibi harusi amepatikana nusu, lakini chini yake kurasa zilikuwepo, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, moja moja.

"Toka nje wifi," akasema. "Na wewe Kamba. Mwite Daktari."

Akaweka nakala ya Jumapili upya, akaanza kuisomea kurasa. Hifadhidata ikaanza kurudia wiki yake, hatua kwa hatua: mtoto aliyepimwa damu Jumapili usiku, mzee wa figo, mjamzito. Mistari ikapanda. Kila ukurasa ulipoisha alishika pumzi mpaka wa pili uanze, kwa kuwa ukikosekana mmoja tu mchezo umekwisha, na hizi hajawahi kuzijaribu. Kwenye mapambazuko ya Jumatatu ikasimama.

Akasema, "Tembea."

Haikutembea. Akainama akaitazama flashi, taa yake inawaka na kuzima, ukurasa mzito tu, unasomwa polepole. Na katika kusubiri kule akajikamata anaomba. Anaomba isiwe yeye. Halafu akaelewa maana ya kuomba vile, nani basi, na akamwona wifi kupitia kioo kidogo cha mlango, paji la uso limegandamizwa kwenye kioo, pini zinameta. Akaacha kuomba. Hakujua tena aombe nini.

Mstari ukapanda. Na mwingine. Jumatatu ikapita yote, Jumanne, zikaungana na zile za Kikongwe, mpaka Alhamisi usiku.

Daktari alikuwa ameshaingia na kusimama nyuma yake. Kwa sheria ya pale, mtunza ghala hana ruhusa ya kusoma majibu ya mtu. Mama Nakala akanyanyuka, akampisha kiti, akaenda kusimama uso kwa ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Ukutani palikuwa na msumari wa zamani. Akautazama.

Nyuma yake vidole viligonga namba, taratibu. Kisha havikugonga tena.

"Mama Nakala," Daktari akasema. "Geuka."

Akageuka. Uso wa yule mwanamke mkavu ulikuwa umelowa maji, na hilo lilitosha kuwa jibu.

"Kivimbe ni kidogo bado," Daktari akasema. "Nisikilize. Ni kidogo, na Jumatatu tunakitoa. Nafasi ni yako, nawapigia sasa hivi." Akatazama karatasi ya foleni ambayo Mkuu aliiacha mezani, akaikunja. "Kwa hesabu ya hii, alikuwa wifi yako. Tungemkata yeye."

Mlango haukungojea kufunguliwa. Wifi aliingia na paji la uso lenye alama ya kioo. "Ni mimi? Daktari, niambie, ni mimi?"

"Hapana. Wewe uko safi. Ni uvimbe wa kawaida tu."

Kigelegele kikamtoka kabla hajakijua, kikali, cha harusi kabisa, kikajaza chumba. Kisha akamwona mwenzake aliyesimama pale ukutani, mikono imelala, na kigelegele kikamkatikia kooni. "Wewe nilikubeba tu unisindikize," akasema. "Wifi. Nilikubeba tu unisindikize!" Akamrukia, akamkumbatia na pini zake, na zikawachoma wote wawili, hakuna aliyejali.

Mama Nakala alimwacha amshike. Akampapasa mgongo, mara mbili tatu, kama anayembembeleza mtoto wa mtu mwingine. Halafu akajitoa polepole.

"Ngoja kwanza," akasema.

"Ningoje nini tena?"

"Hii niliyoirudisha ipo hapa peke yake. Haina nakala. Humo mna watu wengine wanangoja majibu yao."

Akaketi, akavaa miwani, akachagua ghala zima, lote, si nyongeza, akabonyeza. Wifi akasimama nyuma yake, mikono miwili mabegani mwake. Wakautazama mstari ukisogea mpaka ukafika mwisho. Akaifungua nakala kuhakiki kama inasomeka. Inasomeka. Ndipo akavua miwani, akaiweka juu ya meza, akalia.